Kozi ya kuzuia ukatili wa kijinsia kwa wanajeshi: uwanjani inalipa, darasani inasinzisha

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Naanza na alama kwa sababu najua wengi wenu ni maofisa mnaotaka jibu la haraka: nipeleke watu wangu au nisiwapeleke? Peleka. Ila jua mapema kwamba sehemu unayoihitaji zaidi ndiyo wanayoipitia mbio mbio.

Ninayoipima hapa ni kozi ya wiki moja ya kuwaandaa wanajeshi kuzuia ukatili wa kijinsia, hasa ubakaji wa vitani, kabla hawajapelekwa kwenye misheni ya kulinda amani. Kituo sitakitaja. Wakufunzi wake nawaheshimu, na isitoshe kozi hizi hufanana, kwa kuwa vituo vingi huzijenga juu ya vitabu vilevile vya Umoja wa Mataifa vya mafunzo ya kabla ya misheni. Mimi ni kapteni wa ugavi. Nilivaa bereti ya bluu ya walinda amani kabla sijaisikia kozi hii, kwa hiyo niliingia na swali moja tu: ingenisaidia kule? Watu wa ugavi huwa hatuitwi kwenye mambo ya jinsia. Sisi tunajulikana kwa mafuta, maji na matairi. Bahati yangu nilijaza nafasi ya mtu aliyeugua.

Tuanze na darasani, yaani siku mbili za mwanzo. Tulikuwa wengi mno: ukumbi wa watu zaidi ya sitini, projekta inayofifia, slaidi zimejaa maandishi hadi pembeni. Azimio 1325 la mwaka 2000, 1820 la 2008, 1888 la 2009, 1960 la 2010, 2106 la 2013, 2467 la 2019. Yote ya Baraza la Usalama, yote ya maana, na yote yakasomwa kwa sauti ileile kama namba za bunduki ghalani. Koplo aliyekaa mbele yangu aliandika kila kitu kwa bidii. Mchana nikachungulia daftari lake: namba tupu, hakuna hata neno moja la kueleza humo kumesemwa nini.

Na kilichosemwa humo kinamhusu yeye hasa. Chukua 1820. Ndilo lililoweka wazi kwamba ubakaji ukitumika kama mbinu ya vita ni suala la amani na usalama wa dunia, kisha likawaambia wenye silaha la kufanya. Nidhamu ya kijeshi itumike. Kamanda awajibike kwa walio chini yake. Askari wafundishwe kwamba katazo hili halina msamaha. Imani potofu zinazochochea ubakaji zivunjwe. Majeshi yachujwe ili wenye historia ya ubakaji wasibaki humo. Wanawake na watoto walio hatarini wahamishwe wapelekwe mahali salama. Kwa mwanajeshi hiyo ni orodha ya kazi, ungeweza kuigeuza kuwa amri ya kikosi asubuhi hiyohiyo. Mkufunzi aliipitisha kwa slaidi moja akaenda kwenye inayofuata.

Aliyeziokoa siku hizo mbili ni mwanasheria, mama mmoja wa makamo ambaye hakugusa projekta. Alivuta kiti mbele yetu akasimulia kesi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba nchini Rwanda mwaka 1994. Hati ya mashtaka ya mwanzo haikuwa na ubakaji kabisa. Ulijitokeza mahakamani kule Arusha, kwenye maelezo ya mashahidi wanawake, na waendesha mashtaka wakalazimika kuibadili hati mwaka 1997, kesi ikiwa tayari inasikilizwa. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akatiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kutekeleza mauaji ya kimbari. Hakuna aliyesema kwamba Akayesu alibaka yeye mwenyewe. Alikuwa na mamlaka, mambo yalitendeka kwenye ofisi anayoiongoza, akayapa baraka. Mpaka hapo nusu ya ukumbi walidhani mwenye kesi ya ubakaji ni yule tu aliyefungua mkanda. Mama akamalizia na Foča ya Bosnia: Februari 2001, mahakama ya The Hague iliwafunga Kunarac miaka 28, Kovač 20 na Vuković 12, kwa kuwabaka na kuwatumikisha wanawake na wasichana. Kwa saa hiyo moja tu natoa nyota nzima.

Baadaye ukaja mjadala ambao kozi ya namna hii haiwezi kuukwepa, na hii iliufanya vizuri. Sajini mmoja, mtu mzima mwenye miaka yake kazini, alisimama akasema kile kinachosemwa kila siku kantini.

"Afande, tuseme ukweli. Askari ni mwanaume, amekaa porini miezi. Vita ni vita."

Mkufunzi, luteni kanali mpole, hakumkaripia. "Sajini, platuni yako ikiwa na njaa, vijana wako huiba ng'ombe wa raia?"

"Hapana, afande."

"Kwa nini?"

"Wanajua nitawala wabichi."

Ukumbi ukaangua kicheko, sajini naye akacheka, na hoja ikawa imekwisha. Luteni kanali akaipa nyama kidogo. Mtafiti Elisabeth Jean Wood ameonyesha kwamba ubakaji vitani haufanani: yako makundi yenye silaha yaliyobaka kwa wingi, na yako mengine, kama Tamil Tigers wa Sri Lanka, ambayo pamoja na ukatili wao wote mwingine yalibaka raia kwa nadra sana. Wanaume ni walewale. Tofauti iko kwa wakubwa wao, wanakataza nini na wanaadhibu nini. Mwingine, Dara Kay Cohen, amegundua kwamba ubakaji wa genge huongezeka pale wapiganaji wanapokuwa wametekwa na kulazimishwa kuingia vitani. Hawajuani, hawaaminiani, na unyama wa pamoja unawafunga kwenye kundi. Nilipenda kwamba hili lilisemwa kwa lugha ya platuni, bila mahubiri.

Halafu ikaja Minova, na hapo mtu wa ugavi nikakaa wima.

Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma. Jeshi la serikali ya Kongo likarudi nyuma kwa vurugu mpaka Minova, mji mdogo kando ya Ziwa Kivu. Vikosi vimechanganyikana, haijulikani nani wa kombania gani, mnyororo wa amri umekatika, chakula hakuna, pa kulala hapajapangwa. Kwa siku kadhaa askari walipora na kubaka. Waathirika walioorodheshwa na Umoja wa Mataifa walizidi mia moja. Kesi ilisikilizwa Goma na hukumu kutolewa Mei 2014. Kati ya washtakiwa 39, waliopatikana na hatia ya ubakaji unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na wakubwa hawakuwemo.

Njaa haimbakishi mtu, na hakuna mkufunzi aliyeitoa kama udhuru. Lakini angalia inavyosomeka kwa jicho la kazi. Amri ya kurudi nyuma isiyotaja askari watalala wapi, nani atahesabu watu jioni, nani ana mamlaka barabarani, na chakula kitawakuta kituo kipi, ni amri inayomwacha raia mikononi mwa watu wenye silaha wasio na mwenyewe. Hayo manne ni kazi ya ofisi yangu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jedwali langu la mgao lina uhusiano wowote na ubakaji.

Wakaweka Fizi kando yake ili tulinganishe. Usiku wa mwaka mpya wa 2011 askari wa jeshi hilohilo walivamia mji huo wa Kivu Kusini, wakabaka wanawake wengi. Mahakama ya kijeshi inayotembea ikaweka kikao Baraka, jirani tu na waathirika, wanawake wakatoa ushahidi, na Februari hiyohiyo Luteni Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20. Hata miezi miwili haikuwa imepita. Jeshi moja, nchi moja, na aliyefungwa safari hii ni kamanda mwenyewe.

Sasa uwanjani, ambako ndiko kuna thamani ya kozi. Zoezi kuu lilikuwa hivi. Umepewa kijiji, kambi ya wakimbizi, kisima, soko la mara moja kwa wiki na pori la kuni umbali wa saa moja na nusu kwa miguu. Kuna kundi lenye silaha linalotembeatembea upande wa barabara ya pori. Una platuni moja, magari mawili, mkalimani mmoja na mafuta ya kuhesabu. Panga wiki yako ili wanawake wasibakwe.

Kundi letu lilijiona limeelewa. Tukapanga doria nzuri ya saa nne asubuhi, njia kuu, magari yote mawili, bendera juu. Kisha tukaambiwa twende kwa "wanakijiji", ambao baadhi yao walikuwa wanawake waliowahi kufanya kazi hasa ya kuunganisha jamii na walinda amani. Mmoja akanisikiliza mpango wote akiwa amejishika kiuno, halafu akauliza, "Kapteni, sisi kuni tunaondoka saa kumi na moja alfajiri. Saa nne tumesharudi. Doria hiyo ni ya nani?"

Hatukuwa na jibu. Akaendelea: gari la jeshi likitembea sambamba na wanawake linawaambia waasi nani anazungumza na walinda amani. Mtangulie, mkae umbali tutakaokubaliana, njia tuwachagulie sisi, na siku mkishindwa kuja mtuambie jana yake ili tusiwategemee. Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Doria za kuni si nadharia. Darfur zilifanywa na wanajeshi wa Umoja wa Afrika na baadaye UNAMID, misheni ya pamoja ya Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Zilifaa pale saa, njia na umbali vilipopangwa pamoja na wanawake wenyewe. Doria inayokuja ikitaka na kukatika bila taarifa ni hatari kuliko kukosa doria, maana watu wameshaiamini.

Tulirudia mpango. Mafuta yalitosha doria za alfajiri kwa siku nne tu katika saba. Basi wanawake wakachagua siku zao nne, wakakubaliana kwenda kwa makundi. Hapo ndipo nilipoona kuzuia ubakaji kumekaa kwenye karatasi ninayoijua: lita ngapi, saa ngapi, gari gani, nani anaamka kuwasha injini.

Asubuhi iliyofuata wakatupa Luvungi, na hii walisimulia bila kujipendelea. Kuanzia tarehe 30 Julai 2010 hadi mwanzoni mwa Agosti, waasi walishika Luvungi na vijiji vingine vya Walikale, mashariki mwa Kongo, wakabaka zaidi ya watu 300. Kambi ya walinda amani ilikuwa kilomita kama 30 tu kutoka hapo. Mtandao wa simu haukufika vijijini, na askari wa kambi ile lugha ya wanakijiji hawakuijua. Baada ya aibu ile MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, iliongeza nguvu kwenye mambo ambayo ukiyatazama ni madogo: wasaidizi wa kuunganisha jamii wanaokaa na askari kambini, simu na redio mikononi mwa watu wa vijijini, doria za usiku, kambi ndogo za muda karibu na raia. Ntabo Ntaberi Sheka, mmoja wa viongozi wa waasi wale, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi Goma mwaka 2020. Miaka kumi baadaye.

Zoezi la mkalimani lilikuwa fupi lakini kali. Walitupa mkalimani kijana wa kiume, mchangamfu, kumbe kwenye hadithi yao anatoka upande wa watu wanaoogopwa na wanawake wa pale. Tukapata majibu mazuri sana. "Hapa hakuna shida, afande." Doria nzima tukaandika hakuna shida. Alipoingia askari wa kike na mama mmoja wa kijijini akatafsiri, shida zikajaa kurasa mbili. Niongeze la kwangu hapa: askari wa kike hafanyi miujiza kwa kuwa mwanamke tu. Nimeona vikosi vinavyobeba wanawake wawili kwa ajili ya picha na kuwaweka karani na jikoni, kisha ripoti inasema jinsia imezingatiwa. Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo la asilimia 15 ya wanawake kwenye vikosi vya misheni ifikapo 2028. Sawa, lakini kama hawatoki nje ya geti, asilimia hiyo itawalinda akina nani? Kozi iliwataja wanawake waliofanya kazi yenyewe, akiwemo Meja Steplyne Nyaboga wa Kenya, aliyetuzwa na Umoja wa Mataifa kwa kazi yake ya Darfur. Ningependa watueleze alivyopanga doria, wao wakatuonyesha picha ya tuzo.

Zoezi lililoniuma zaidi ni la kizuizi cha barabarani. Msichana anafika kwenye kizuizi, kanga imechanika, anasema kwa sauti ya chini kwamba jana usiku watu wenye silaha "walimkuta". Luteni wa kundi la pili, kijana mwerevu na mwenye nia njema, akatoa daftari. Jina lako? Kijiji? Walikuwa wangapi? Walivaa nini? Akaita na mwenzake aje na kamera. Muigizaji akamtazama, akageuka, akaondoka taratibu kurudi alikotoka. Muuguzi aliyekuwa anasimamia zoezi akasema, "Afande, hapo umeshampoteza. Na saa zake zinahesabika."

Kisha akatueleza hizo saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ni ndani ya saa 120. Kazi ya askari pale kizuizini ni ndogo na wazi: mtoe barabarani akae mahali pa staha, mhakikishie usalama, muulize anataka nini, mweleze kituo cha afya kiko wapi na kwamba anaweza kupelekwa, na akikubali apelekwe haraka. Usimhoji, uchunguzi una wenyewe. Usimpige picha. Jina lake lisiingie kwenye kitabu cha doria kinachosomwa na kila mtu kambini. Usimwahidi usichokiweza. Luteni alirudia zoezi mara kadhaa mpaka mikono ikaacha kutafuta kalamu. Kwa muuguzi huyu pia natoa nyota nzima, na kama kituo kinanisikia, kimpe muda zaidi. Alipewa asubuhi moja.

Nakuja kwenye walichokiharakisha. Alasiri ya siku ya nne ilikuwa ya makosa yetu wenyewe, walinda amani na majeshi. Ratiba iliipa muda wa saa tatu, tulipata kama dakika arobaini, kwa sababu mgeni rasmi alibadilisha muda wa kufunga. Ndani ya dakika hizo waliingiza waraka wa Katibu Mkuu wa mwaka 2003 unaokataza kulala na mtu yeyote chini ya miaka 18 na kubadilishana ngono na fedha, kazi au chakula. Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako jopo huru la Marie Deschamps lilisema mwaka 2015 kwamba Umoja wa Mataifa ulishindwa kuchukua hatua za maana baada ya watoto kueleza waliyotendewa na askari wa kigeni. Na azimio 2272 la 2016, linaloruhusu kikosi kizima kurudishwa nyumbani. Septemba 2021 Gabon iliondolewa Afrika ya Kati na askari wake wapatao 450 kwa tuhuma za aina hiyo. Kila moja ya hizo ni somo la nusu siku.

Kubwa lililokosekana ni hili: askari wa misheni hushtakiwa na nchi yake, si na misheni wala mahakama ya pale alipotenda. Mwathirika anabaki kijijini, mtuhumiwa anapanda ndege. Nani anakusanya ushahidi kabla ndege haijaruka? Yuko nani kikosini mwenye kazi hiyo? Niliuliza, nikaambiwa muda umekwisha.

Na kuhusu ndani ya kambi zetu, kozi ilikuwa kimya kabisa. Mke wa askari anayepigwa kwenye nyumba za jeshi, askari wa kike anayesumbuliwa na mkubwa wake, hao hawamo. Ajabu, maana mifano ipo. Bosco Ntaganda alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2019, akapewa miaka 30, na miongoni mwa makosa yake ni ubakaji na utumwa wa ngono dhidi ya watoto wa kike waliokuwa wapiganaji wa kundi lake mwenyewe. Marekani, Vanessa Guillén aliuawa na askari mwenzake Fort Hood mwaka 2020. Uchunguzi wa jeshi ulithibitisha kwamba kabla ya hapo mkubwa wake mmoja alikuwa amemsumbua kingono. Mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria ya kuwanyang'anya makamanda uamuzi wa kushtaki makosa makubwa ya ngono na kuwapa waendesha mashtaka wa kijeshi wanaojitegemea, walioanza kazi Desemba 2023. Pima hilo dhidi ya yote tuliyofundishwa. Kozi nzima inasema kamanda ndiye dawa. Wengine wameona kwamba kwenye kambi yake mwenyewe kamanda anaweza kuwa sehemu ya ugonjwa, wakamtoa kwenye uamuzi. Mjadala huo ungetufaa kuliko slaidi ishirini za namba.

Kuhusu makamanda sasa. Walikuja siku ya ufunguzi, wakahutubia, wakapigwa picha, wakaondoka kabla ya chai. Waliobaki kujifunza jinsi amri inavyozuia ubakaji ni sisi tusiotoa amri. Juba, Julai 2016, wanawake walibakwa hatua chache kutoka kambi za Umoja wa Mataifa, na wito wa msaada kutoka hoteli ya Terrain, kama kilomita moja hivi, haukuitikiwa. Uchunguzi ulioongozwa na meja jenerali mstaafu Patrick Cammaert, yule aliyesema mwaka 2008 kwamba pengine sasa ni hatari zaidi kuwa mwanamke kuliko kuwa askari vitani, ulikuta uongozi uliovurugika na vikosi vinavyosubiriana. Kamanda wa majeshi ya misheni aliondolewa Novemba. Pale hakukosekana koplo anayejua azimio 1820. Alikosekana wa kusema "toka sasa hivi, wewe na wewe, barabara hii".

Huduma nyingine kwa ufupi. Vyumba safi. Kitabu cha washiriki kizito lakini kadi ndogo ya mfukoni ni bora kabisa, ina hatua za kizuizini upande mmoja na nafasi ya kuandika namba za vituo vya afya upande wa pili. Ombeni za ziada. Cheti unapata hata kama ulisinzia, jambo ambalo lingerekebishika kwa mtihani mmoja wa kuandika aya ya amri ya operesheni. Kundi la simu la wahitimu lipo na wakufunzi hujibu, hasa muuguzi.

Ukiamua kupeleka watu, peleka afisa operesheni, afisa ugavi na masajini wa platuni pamoja, si mmoja mmoja. Kabla ya kusaini barua, kitake kituo maandishi ya mambo matatu: darasa lisizidi thelathini, alasiri ya makosa yetu wenyewe isiguswe hata mgeni rasmi awe nani, na kamanda wa kikosi akae siku ya zoezi la kuni mwanzo hadi mwisho, ashike kalamu, agawe mafuta mwenyewe. Wakikataa hilo la tatu, tafuta kituo kingine.